Dirisha la Vitu Vilivyosahauliwa

Mjomba Zbyszek aliuliza, mdomo umejaa kabichi:
"Hiyo historia yako, kilo inauzwaje?"
Halszka akacheka. Mwezi uliofuata akaajiriwa
na kampuni ya tramu, Wrocław,
dirisha la vitu vilivyosahauliwa.

Miavuli. Miavuli tena. Meno ya bandia
ndani ya soksi ya mtoto.
Fomu inataka neno moja: *soksi*.
Yeye anajaza mistari sita:
kisigino kimeshonwa upya, kwa mkono wa kushoto,
na mtu asiyeona vizuri.

Msimamizi: punguza maneno, dada.

Jumanne akaja bwana mmoja, hajui alichopoteza,
anajua tu koti limekuwa jepesi.
Halszka akamhoji kama alivyofunzwa kuzihoji nyaraka:
ulitoka wapi, nani alikuwepo,
nani hukumtaja?
Saa nzima. Foleni ikanung'unika.
Ikapatikana filimbi.

Usiku, barua ya chuo bado iko mezani:
uzamili, miaka miwili, ada nusu,
jibu kabla ya Ijumaa.
Kikombe kimeacha duara juu yake.
Analichunguza: chai, si kahawa;
aliyeketi hapa
aliketi sana, na chai ikapoa.