Sitini na Moja na Nusu

Likizo ya Agosti, saa mbili asubuhi, Bigodi.
Umande bado unalowanisha pindo za suruali.
Nimekuja na daftari la mistari, kalamu mbili,
na miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hesabu.
Mpwa wangu Kobusinge amekuja na miguu tu,
na maswali.

Wa njano, mdogo: mmoja. Mweupe: wawili.
Nachora vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yao
kama mtu aliyechoka kusimama.
Mara mweupe anageuka, anapotelea kwenye mafunjo,
na huyu anayetokea sijui ndiye wa tatu
au ni yule wa pili aliyesahau kitu.

Darasani hakuna namba iliyowahi kunitua begani.

Kobusinge haandiki. Anawapa empaako,
kama tunavyowapa watoto wachanga kwetu Tooro.
"Huyu Araali. Yule wa kahawia, Ateenyi.
Wewe wa buluu, ngoja kwanza, Akiiki,
sijamaliza kukusalimia!"
Nacheka, na vijiti vinanipotea.

Penye tope, alipokojoa mbuzi jana
(samahani, lakini ndivyo ilivyo),
wamejazana, mabawa yamefumbwa wima
kama karata za mchezaji asiyetaka kuonyesha mkono.
Ishirini? Arobaini?
Kobusinge anapiga chafya,
na karata zote zinarushwa juu kwa pamoja.
Hewa inageuka buluu mpaka usoni petu.
Sijaandika kitu. Mdomo ulikuwa wazi,
kalamu imening'inia.

Kutoka matawini mbega mwekundu anatutazama
kama mkaguzi wa shule aliyekuja bila taarifa.

Tukirudi, sisimizi wamebeba bawa moja,
la rangi ya chungwa, wanalipandisha, wanalishusha,
kama watu wanaohamisha mlango
bila nyumba yake.
Kobusinge anachuchumaa.
Ananyamaza muda mrefu kuliko umri wake.
"Shangazi, na huyu tumhesabu?"

Kanuni ninazo. Nimezifundisha wengi:
kihesabiwe kilicho kizima, kinachoonekana, mara moja tu.
Nikafungua mdomo nimweleze.
"Andika nusu," akasema,
akainuka, akapangusa magoti.

Usiku, kwa taa, nimejumlisha upya
vijiti vyote, na kile kifupi cha mwisho.
Sitini na moja na nusu.
Nikatafuta kalamu nyekundu droo nzima,
nikaweka alama ya vema.