Wapangaji wa Subira

Saa kumi na mbili na robo, Kiwengwa,
wageni hawajashuka bado kuulizia bei ya kupanda,
nachutama nyuma ya ngamia na kijiko cha plastiki.
"Serikali imekosa cha kununua," Vuai anawaambia watoto,
"sasa yanunua mavi."
Nacheka, maana kweli, tena ya moto:
vitufe vyeusi kama kokwa za tende
alizotema mtu mwenye haraka.

Chupa ya kizibo chekundu, dume: Jemadari.
Chupa ya kizibo cheupe, jike: Subira.
Banda moja, ndoo moja,
maganda ya ndizi yale yale kutoka jiko la hoteli,
jiwe la chumvi walilolilamba hata likaota kiuno.
Fomu ya Maruhubi yauliza:
wanaokula pamoja, je, ndani wako sawa?

Vuai haamini habari za ndani.
Nikamwambia: ngamia hali nyasi, Vuai.
Ngamia ni mwenye nyumba.
Amepangisha tumbo, vyumba vitatu na ua,
kwa bakteria wasiofika hata ukubwa wa nukta.
Wao ndio watwangao, wao wachachuao,
usiku kucha wanapika bila moto,
na kodi wanamlipa kwa nguvu ya kusimama.
Akatazama nundu, akakuna kidevu.
"Na hao wapangaji, wana waume na wake?"
Hawana.
"Basi wamepumzika."

Bibi yangu Mize, wa Kikwajuni,
alimkumbuka ngamia wa kinu cha ufuta:
kafungwa kitambaa machoni, anazunguka tangu alfajiri,
pengine akidhani keshafika Makunduchi.
Watu wakija na chupa zao, mafuta yakitiririka,
na hakuna aliyejua kwamba ndani yake
kulikuwa na kinu cha pili
kikisaga gizani, pasi na haja ya kitambaa.

Mwezi wa pili wa kazi, Jemadari akashikwa na yake.
Povu. Kaakaa limetoka pembeni mwa mdomo
kama puto jekundu la sikukuu.
Shingo inanuka lami. Hali. Siku tisa, hali.
Chini ya darubini mji wake umehamwa,
mitaa mitupu, taa moja moja.
Halafu akamng'ata mgeni bega,
na Jumatano likaja lori kumpeleka kwenye feri.
Wapi? "Bara," walisema,
kana kwamba bara ni anwani.

Subira hakupiga kelele.
Alicheua tu, taratibu, akitazama ukuta wa makuti.
Lakini chupa nyeupe ya Ijumaa
niliihesabu, nikafuta miwani, nikaihesabu tena.
Koo nzima za wapangaji zimeondoka bila kuaga,
na wengine, niliokuwa nikiwajua
kwa chupa nyekundu tu,
wamo humo, wametandika mikeka.
Kumbe kulamba jiwe moja si jambo dogo.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata ndiye mimi, na mtungi wangu
una miguu minne na kope ndefu,
na siri sijui niiandike wapi.
Fomu ina visanduku viwili, Me na Ke.
Cha mjane hakuna.

Narudi Chumbuni na harufu viganjani,
ndimu imeshindwa, sabuni imeshindwa.
Sinia ni lile lile, la watu wawili.
Nakula upande wangu, naacha kule,
miaka kumi na moja ya mkono wa Faki
ukinisogezea kipande cha nguru bila kuniangalia.
Kaondoka na sanduku moja.
Sidhani kama alichukua wote.

Kesho kijiko, barafu, gari la saa kumi na moja.
Vuai kaagiza jiwe jipya la chumvi.
Nitampelekea.
Nimemwambia lile la zamani asilitupe.