Mirathi

Baba alipokufa tuligawana bila wakili.
Rosaire alichukua trekta na zizi,
Ghislaine saa ya ukutani isiyokubali kupiga saa sita,
mimi nikaambiwa: pole, Yvon, hakuna kilichobaki.
Kumbe kilikuwepo. Nilikuwa nacho tayari,
kimezunguka nami tangu tumboni.

Daktari wa Chicoutimi alinibinya kano ya kisigino,
akapapasa vinundu vya manjano kwenye vifundo vya vidole,
akauliza: baba yako alikuwa navyo?
Nikaviona vidole vya Fernand vikimenya viazi.
Tulidhani ni sugu za kazi.
Alianguka ana miaka arobaini na mitatu, beleshi mkononi,
theluji ya mlangoni nusu imezolewa, nusu bado.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Yetu ni nzito kuliko damu.

Sasa jioni nameza kidonge, na alfajiri
nakoroga uji wa shayiri kwa maji matupu,
uji usio na habari yoyote.
Jumatatu maharagwe. Jumanne dengu.
Samaki wa ziwani, wa kuoka, bila ngozi,
na siagi naipita dukani kama mtu ninayemdai
au anayenidai, sijui tena.
Nimepunguza kilo kumi na moja; tatu zimerudi
bila kupiga hodi, zimekaa palepale kiunoni
kama wapangaji wanaojua ufunguo unafichwa wapi.

Mama bado anapika pai ya nyama,
nguruwe, ng'ombe, viazi, sufuria tele,
usiku kucha tanurini, hadi mapazia yananukia.
Mkesha wa mwaka mpya alinikatia kipande, akakisogeza.
"Kidogo tu. Baba yako alikuwa akiipenda."
Najua, mama. Najua alivyoipenda.
Sikulisema hilo. Nilikula nusu,
nusu ikabaki sahanini ikipoa, mafuta yakiganda meupe,
naye akaifunika kwa kitambaa
asiseme neno.

Jana yakaja majibu ya Maude. Ana miaka tisa.
Niliisoma namba mara mbili,
mara ya pili kwa miwani.
Alikuwa mezani anagawa lozi:
"Kumi na tano zangu, kumi na tano zako."
Akatazama vidole vyangu, kisha vyake,
vyembamba, laini, bila doa.
"Na mimi nimerithi?"
Nikasema ndiyo. Nikataka kuongeza jambo,
koo likakataa.
Akatafuna lozi moja, taratibu, kama anaipima.
"Basi nipikie ule uji wako mbaya.
Ila utie bluberi."

Nikatoa sufuria ndogo, na bluberi za Agosti
zilizogandiana kwenye friza kama kokoto.
Nje theluji ilishaanza tena.
Tulitia bluberi nyingi, nyingi mno,
uji ukawa wa zambarau hadi kwenye mwiko.

Bado ulikuwa mbaya.