Jiko la Ngamiani

Mbaruku kakata bati, ndani kajaza udongo,
Akatoboa kwa kati, matundu juu ya pengo,
Nikaliona thabiti, la miguu na mlango,
Nikatoa zangu noti, bila kushusha kiwango.

Jumamosi likawaka, moto usiozuiwa,
Mkaa ukatoweka, kopo la pili latiwa,
Mama mkwe akacheka, kunde mbichi zikaliwa,
"Hili," kasema, "lataka, pumzi kupunguziwa."

Akatwaa kifuniko, cha kopo langu la chai,
Akakigonga kwa mwiko, kikapinda kama yai,
Akaziba nusu jiko, nikadhani halifai,
Saa nne, chini huko, makaa yangali hai.

Gunia toka Handeni, lililoisha kwa wiki,
Mwezi sasa, li pembeni, limekaa, halishuki,
Nipikapo barazani, machozi hayanitoki,
Kunde hulegea ndani, zikasubiri samaki.

Nikarudi kwa Mbaruku, akaguna, akapima,
Tangu hapo, kila siku, vibati hukata vyema,
Awambia wenye luku, "Mwenyewe nilijituma,"
Mkwe, akilisha kuku, hucheka, hana lawama.