Mkia wa Shaba

Karatasi aliniachia Madamu Chiu
siku kantini ya kampuni ilipofungwa.
Imekunjwa mara nne, inanuka tangawizi,
na doa la mafuta limekaa juu ya jicho la ndege.

Miraba midogo kama chenga za mchele,
kila mmoja na alama yake.
Duara ni nyekundu. Mshale ni samawati.
Nyota sikuijua; pembeni maandishi yake
yamesimama wima kama watu kwenye foleni ya maji.
Sikuyasoma. Nilihesabu.

Mshono wa msalaba nilifundishwa na masista,
Katuba, chini ya bati, wasichana kumi na wanne
na mkasi mmoja:
mguu wa kwanza unapanda, wa pili unaukanyaga,
na wote wa juu walale upande mmoja,
la sivyo kitambaa kinanuna.
Tulidarizi mchungaji na kondoo wake,
tulidarizi mawaridi ya Ubelgiji,
ambayo hakuna aliyewahi kuyanusa
wala aliyetuuliza kama tunayajua.

Kwa hiyo ndege huyu hakunitisha.
Kichwa cha jogoo, shingo ya nyoka,
mkia wa kitu ambacho Mungu
alikuwa bado anakifikiria.
Mwange, ambaye mto huu ni wa harusi yake, akasema:
Mama, mbona kuku amevaa pazia?
Nikamwambia nyamaza,
umenipotezea mia mbili na sita.

Usiku umeme hukatika kabla habari hazijaisha.
Naibana simu kwa meno, taa yake mbele,
kidole gumba cha kushoto juu ya mraba
nisije nikasahau nilipokomea.
Misalaba elfu tisa ndani ya ndege mmoja.
Makaburini Penga-Penga sidhani iko mingi hivyo.

Kisha nikafika kwenye nyota.

Nyota ilikuwa mkia wote.
Muuza nyuzi wa soko la Njanja akainamia karatasi,
akaigeuza juu chini, akasema: dhahabu.
Akataja bei ya kibunda kimoja.
Nikatazama viatu vyangu.

Kyungu, fundi wa redio, ndiye aliyenifungulia
transfoma iliyokufa. Ndani yake
waya wa shaba, mwembamba kama unywele,
mita na mita,
umejikunja kama mtu aliyelala na baridi.
Chukua, akasema, huyu hataamka.

Shaba. Sisi tumezaliwa juu yake.
Hutoka kwa malori, turubai juu, vumbi nyuma,
hupita Kasumbalesa, hupanda meli,
huenda hadi kwao Madamu Chiu,
ikarudi kwetu kimyakimya
ndani ya redio, ndani ya simu hii ninayoiuma.
Nikaitia kwenye tundu la sindano.

Waya haupendi sindano. Unapinda,
unakatika, unachoma.
Damu ilinitoka mara tatu; mara moja
ikadondoka bawani, penye duara.
Nikaiacha. Rangi ilikuwa ileile.

Harusi ilifanyika Agosti.
Shangazi zake wakaupitisha mto mkono kwa mkono
kama mtoto mchanga, wakatafuta fundo nyuma,
hawakuliona,
wakatafuta tena.
Sasa uko kwa Mwange, barabara ya Kasapa,
juu ya kiti kisichoruhusiwa kukaliwa,
hata na mumewe.

Jana akanipigia, sauti ya mtu aliyevunja kikombe.
Mama, ndege anaota kijani.
Kuanzia ncha ya mkia, anapanda polepole,
kijani kama yale mawe wanayochonga tembo.
Nimsugue na limau?

Nikakaa kimya hadi akadhani mtandao umekatika.
Niliiona ile karatasi, doa lake la mafuta,
na Madamu Chiu akigongagonga nyota kwa ukucha,
akitafuta neno kwa Kiswahili,
halipati, anacheka,
ananionyesha dirishani, nje, kitu fulani,
mlango wa buluu, au labda mpera.

Acha limau, nikasema.
Huenda nyota ile
haikuwa dhahabu.