Uwanja wa Katikati

Umeme ulikatika Kanyere hajafa bado,
panga la mbao likiwa limeshainuliwa.
Jenereta ilikohoa mara mbili. Mazutu yamekwisha.

Tukatoka wote, mfalme na askari wake, nasi na tiketi zetu,
hadi uwanjani, kati ya ukumbi na shule ya ngoma,
palipotandikwa mawe meusi ya mlima,
yenye makali hadi leo.

Muuza karanga akatua beseni.
"Shika mkuki huu. Simama hapo."
Akasimama.

Wasio na tiketi walikuwa mbele kuliko sisi.
Simu zikawashwa. Juu ya Goma
mlima ukapaka mawingu wekundu wake.

Kanyere alianguka, tena kweli:
goti likachubuka.
Akacheka kidogo, ndipo akafa vizuri.

Muuza karanga bado kashika mkuki.