Mtoto Yupo

Katika jalada huna jina, una herufi mbili na nukta.
Sheria inakustiri, na ni vyema ikustiri,
ila mimi, karani wa mahakama hapa Wete,
nilikujua kwa pindo la sketi yako ya skuli.

Mara ya kwanza lilikuwa nene, limekunjwa mara tatu,
bibi yako kalishona kwa uzi mweusi juu ya buluu.
Mkononi bado una bendeji.
Nikaandika: Shahidi wa pili hakufika. Imeahirishwa.

Mara ya pili daktari yuko Unguja, semina.
Mara ya tatu karafuu zimeiva,
shahidi yuko juu ya mkarafuu, nani atamshusha?
Mara ya nne mwendesha mashitaka kahamishwa.
Mara ya tano nimesahau. Labda mvua.
Pindo likafumuliwa kunjo moja,
pakabaki mstari wa buluu iliyokoza.

Nje, barazani, jamaa wakamzunguka bibi yako:
"Bi Time, utamfunga mwanao wa kumzaa
kwa sababu ya waya wa pasi?"
Mtu akaja na maneno laini na kilo mbili za sukari.
Muhali, Bi Time, muhali.
Neno hilo halina kifungu wala adhabu,
nami nimeliona likishinda kesi nyingi kuliko wakili yeyote.

Na wewe benchi moja na mjomba wako,
miguu inaning'inia.
Mara ya saba vidole viligusa sakafu.
Mara ya tisa, nyayo nzima.

Usiku ule muhogo wa nazi haukushuka kooni.
Asubuhi nikalifungua jalada tangu mwanzo.
Mwandiko wangu mzuri, nasifiwa kwa mwandiko.
Hakufika. Hakufika. Ana udhuru. Hayupo.
Kurasa kumi na nne za watu ambao hawakuja.
Hapana pahala nilipoandika kwamba wewe ulikuja.

Nikashika kalamu. Labda ni kosa. Ni kosa.
Pembeni ya kila tarehe, kwa herufi ndogo:
Mtoto yupo.
Mara tisa.

Hakimu mpya, Bi Rukia Makame, akavaa miwani,
akasoma pembeni kabla ya katikati.
"Nani kaandika haya?"
Nikasimama, goti linacheza.
(Kalamu yangu iliulizwa baadaye, kwa barua.)
Siku ile aliuliza tu: "Yuko wapi sasa hivi?"

Mjomba akapelekwa chumba cha pili.
Kiti kidogo kilicholala stoo na nailoni yake
kikavuliwa nailoni.
Shahidi wa pili hakufika, na safari hii hakusubiriwa.
Ulizungumza dakika kumi na moja.
Hukulia, sikuandika kwamba ulilia.
Uliomba maji. Nikaandika: aliomba maji.

Hukumu haijatoka, sitakudanganya.
Ila daftari jipya lina safu moja zaidi,
ya kwanza kabisa, kushoto,
niliipiga mwenyewe kwa rula.

Jana nilikuona Mtemani, mkate kwapani,
pindo lote limekwisha, sketi i nusu ya muundi.
Itabidi inunuliwe nyengine.
Nilitaka kukuita.
Herufi mbili haziitiki barabarani.